PhD za modeli za hesabu zenye mshahara zimejaa. Mbona Wakenya hatuzichukui?

#1 Mwanahesabu_Roysambu
Wadau, salamu. Nilimaliza uzamili wa hesabu tumizi, sasa natafuta riziki kwa kufundisha watoto wa kidato cha nne nyumba kwa nyumba, Roysambu na Kasarani. Juzi nimekutana na tangazo la chuo kimoja cha Uholanzi. Wanataka mtu wa kuunda modeli, yaani kuiga kwa milinganyo na kompyuta, ya damu inavyopita kwenye mshipa ulioziba nusu. Miaka 4, mshahara kila mwezi, likizo, pensheni. Karo hakuna. Hawakutaja uraia popote, walitaka tu mtu anayejua milinganyo tofautishi na anayeweza kuandika programu.

Nikaliweka kwenye kundi la darasa letu. Watu wakaweka dole gumba, mmoja akauliza "hii ni ya kweli?", kisha mazungumzo yakarudi kwa Arsenal.

Na si hilo pekee. Modeli za betri, za hali ya hewa, za daraja linalotikisika, za magonjwa, kila wiki kuna tangazo. Rafiki yangu wa historia anahangaika kutafuta mfadhili hadi nywele zinamtoka, sisi wa hesabu na uhandisi pesa ziko na hatuombi. Ama tunaomba na tunakataliwa kimyakimya? Shida iko wapi?

#2 KijanaWaNgara
Naweka kiti hapa. Mimi nilijaribu Chevening, ile skolashipu ya serikali ya Uingereza, ya PhD nikakosa. Ushindani ni mkali sana.

#3 Chai_Mkandaa
@KijanaWaNgara Chevening hailipii PhD, buda. Ni ya uzamili wa mwaka mmoja.

#4 KijanaWaNgara
😂😂 Ndiyo maana fomu yote ilikuwa inaniuliza habari za uongozi. Endeleeni.

#5 Fundi_Meshi
Niko Trondheim, Norway, mwaka wa pili. Nafanya modeli ya barafu inavyoganda kwenye mabawa ya mitambo ya upepo. Mwana wa Kisii anayechunguza barafu, chekeni mmalize.

Jibu langu kwa @Mwanahesabu: matangazo haya hayakai kule tunakotafuta. Sisi tunasubiri kurasa za skolashipu, ubalozi, wizara. Huku PhD ni ajira. Tangazo liko kwenye ukurasa wa nafasi za kazi wa chuo, limebanana na la mhasibu na la mpishi wa kantini. Mradi umeshalipiwa, msimamizi anajulikana, tarehe ya kufunga imeandikwa. Huendi na wazo lako, unaingia kwenye wazo lao. Norway, Sweden, Denmark, Uholanzi, mtindo ni huo huo.

Halafu kuna hili la karo. Sweden ilianza kuwatoza wanafunzi wa nje ya Ulaya mwaka 2011, Norway ikafuata 2023. Habari ikafika Nairobi kwamba masomo ya bure yameisha, watu wakafunga ukurasa. Karo hiyo ni ya shahada ya kwanza na uzamili. PhD haikuguswa.

#6 Dar_Mpaka_Moro
Aisee, nyie Wakenya mnadhani mmeachwa nyuma peke yenu. Huku Dar hali ni hiyo hiyo, tofauti sisi tunaachwa kwa adabu.

#7 Jicho_Pembeni
Na Ujerumani? Binamu yangu aliambiwa mshahara, alipofika akakuta nusu mshahara.

#8 Fundi_Meshi
@Jicho_Pembeni Ujerumani unaajiriwa kwa daraja la mshahara la E13, lakini tangazo hutaja asilimia. Uhandisi mara nyingi ni 100. Fizikia, kemia, hesabu unaweza kukuta 75, 65, hata 50. Asilimia ni ya malipo tu, kazi utafanya ya mtu mzima. Binamu alisoma tangazo juu juu.

#9 MzeeWaChiromo
Vijana, mimi nimestaafu, kwa hivyo nitasema. Tatizo si mahali matangazo yalipo. Tatizo ni kilichomo ndani ya tasnifu zetu.

Nimesoma tasnifu za modeli za uzamili hadi macho yakachoka. Mwanafunzi anagawa watu makundi manne: walio hatarini, waliobeba vijidudu, wagonjwa, waliopona. Anaandika milinganyo, anatafuta R0 (mgonjwa mmoja anaambukiza wangapi), anathibitisha kwamba ikiwa chini ya 1 ugonjwa unaisha, anachora grafu, anamshukuru Mungu na wazazi. Data ya mgonjwa hata mmoja hamna. Mwaka unaofuata anakuja mwingine na milinganyo ile ile, malaria imegeuka kipindupindu.

Sasa mtu huyo aketi mbele ya jopo la Uholanzi aulizwe, "Vigezo hivi umevipata wapi?" Atajibu nini? Kilifi pale KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust ya Uingereza wako tangu 1989, wana rekodi za malaria za miaka na mikaka. Nani kati yenu amewahi kupiga hodi?

#10 Bi_Takwimu
Shikamoo Mwalimu. Kwa heshima zote, tasnifu hizo zilipitishwa na nani? Ile saini ya ukurasa wa pili haikuwa ya mwanafunzi peke yake.

#11 Nyanya_Kachumbari
Wueh. Nani ana njugu?

#12 MzeeWaChiromo
Marahaba binti. Saini zangu zimo. Ukikataa tasnifu tatu mfululizo, idara inakuita kukuuliza kama nyumbani kuko salama.

#13 Bi_Takwimu
😂 Haya, nami niseme langu. Wengi wetu hatukwami kwenye hesabu. Tunakwama kwenye barua za mapendekezo.

Nilikuwa naomba nafasi ya modeli za moshi wa magari unavyosambaa mjini, kazi niliyoifanyia uzamili. Mfumo wa chuo ukatuma kiungo kwa msimamizi wangu wa zamani. Kikaangukia kwenye barua taka. Nikampigia, akaniambia niandike barua mwenyewe nimpelekee atie saini. Nikamweleza kwamba haitiwi saini, anaipakia yeye, na lazima atumie anwani ya chuo, si hii yake ya Gmail. Akasema ya chuo alisahau nywila tangu korona, na hata hivyo yuko njiani kwenda mazishi Machakos. Saa sita usiku ya Ulaya ilipogonga, ombi langu lilikuwa na barua moja kati ya mbili.

Na si mtu mbaya. Alikuwa anasimamia wanafunzi wengi hadi hakumbuki nani alifanya nini. Lakini huko nje wanaona tu nafasi tupu kwenye fomu.

#14 MtuWaMvuke
Mnaongea kana kwamba modeli ni kitu cha ng'ambo. Mimi niko Naivasha, kwenye jotoardhi. Olkaria inatoa umeme tangu 1981, na miaka hiyo hiyo ya 80 Bodvarsson na wenzake wa maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, walishaunda modeli ya kompyuta ya kilichoko chini: maji yanaingilia wapi, joto linapandia wapi, shinikizo litashuka kiasi gani ukiongeza visima. Hadi leo ukiingia ofisi za wanaochunguza hifadhi ya mvuke chini ya ardhi utakuta mtu amekodolea macho TOUGH2, programu ya kuiga maji na joto ardhini.

Wenzangu wengi wamepitia Iceland, kwenye programu ya mafunzo ya jotoardhi iliyokuwa ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, sasa iko chini ya kituo cha GRÓ cha huko huko Iceland. Unaanza na kozi ya miezi michache. Anayefanya vizuri anaweza kurudi kwa uzamili, hata PhD, akiwa amelipiwa. Kenya ndiyo imepeleka watu wengi kuliko nchi yoyote. Kwa hivyo "Wakenya hatuzichukui" mimi nakataa. Wanaochukua wako kazini, na mwajiri ndiye anayewapendekeza.

#15 Mwanahesabu_Roysambu
@MtuWaMvuke hapo umenifungua macho. Sasa mimi sina mwajiri, nina wazazi wanaonitumia M-Pesa wakikumbuka.

#16 Mto_Ngong
Mbona mnakimbilia mbali hivi? Mwanahesabu, uko Roysambu. ICIPE, ile taasisi ya utafiti wa wadudu, iko Kasarani hapo, na ndiyo inayoratibu mfuko wa RSIF wa PhD za sayansi tumizi na uhandisi. Unasajiliwa chuo cha Afrika, unapelekwa kwa muda taasisi mshirika ya nje, unarudi. Panda gari la Thika ushuke Juja: ndani ya chuo cha JKUAT kuna taasisi ya Pan African University, inayolipiwa na Umoja wa Afrika, na hesabu za kompyuta zimo kwenye PhD zao.

Mimi ni mtu wa mafuriko. Mlikuwepo Aprili 2024, mliona Mathare ilivyobebwa. Programu za kuiga mafuriko kama HEC-RAS na SWAT ni za bure, unapakua leo unatumia leo. Kinachokosekana ni vipimo. Ukitaka kujua mto ulipanda hadi wapi usiku ule, hakuna kifaa kilichoandika. Kuna alama ya tope ukutani. Nilipita vichochoroni na futi nikizipima, kila ukuta na picha yake, huku mama mmoja akinikosoa: "Hiyo ni ya mvua ya juzi, ya Aprili ni hii ya juu." Alikuwa sahihi, rangi ya tope ilikuwa tofauti. Jopo lolote duniani litakusikiliza ukiwa na data ya namna hiyo.

Kwa hivyo maoni yangu: tunakataliwa kwa sababu tunaomba kutatua matatizo yao, ambayo wao wanayajua kuliko sisi.

#17 Fundi_Meshi
@Mto_Ngong barafu si tatizo langu, kaka, lakini mshahara wake unaingia tarehe 12 bila kukosa.

#18 Chai_Mkandaa
Nyongeza kwa #16 kabla watu hawajafunga safari ya Kasarani. RSIF si dirisha lililo wazi mwaka mzima, na ina maeneo yake: nishati, tabianchi, madini, chakula na kilimo, TEHAMA. Hesabu tupu haimo. Lazima modeli yako iwe ya kitu fulani. Mathalani mtu wa #1 akisema anataka "milinganyo tofautishi" tu, watamuuliza ya nini.

#19 Jirani_wa_Leeds
Niongeze Uingereza. Nafasi za PhD zinazolipwa na UKRI, shirika la serikali yao la kufadhili utafiti, ikiwemo vile vituo vya mafunzo ambapo mnaingia kama darasa, zimefunguliwa kwa watu wa nje tangu 2021, lakini tusizidi asilimia 30 ya wanaoingia. Posho ya chini kwa 2025/26 ni pauni 20,780 kwa mwaka. Ile tofauti kati ya karo ya mwenyeji na ya mgeni hudaiwi wewe.

Linaloumiza ni ada ya afya ya visa, pauni 776 kwa kila mwaka wa visa, na unalipa yote kwa mkupuo kabla hujapanda ndege. Miaka 4 ni pauni 3,104. Piga kwa shilingi, ni zaidi ya laki tano. Vyuo vingine hurudisha, vingine hapana. Uliza kabla ya kukubali, si baada.

#20 Wa_Kwanza_Kuzaliwa
Asante @Jirani_wa_Leeds, hapo ndipo penye jibu la uzi huu na hakuna aliyepagusa. Watu wanaongea data na barua. Mimi nilipata nafasi. Barua ya kukubaliwa ninayo mpaka leo. Pasipoti, mtihani wa Kiingereza, visa, nauli, mwezi wa kwanza wa nyumba kabla mshahara haujaingia. Na nyuma yangu kuna wadogo watatu, mmoja anaingia chuo. Mama hakunikataza. Aliuliza tu, "Miaka minne?" Nikachukua kazi ya benki.

Kwa hivyo ukiona mtu ameweka dole gumba kwenye WhatsApp asiombe, usimwite mvivu.

#21 Bi_Takwimu
Pole sana dada. Au kaka? Jina lako halisemi.

#22 Wa_Kwanza_Kuzaliwa
Dada. Asante.

#23 Sweta_la_Bluu
Kwa wanaofikiria zile PhD za Marie Skłodowska-Curie za Umoja wa Ulaya: uraia wowote, unaajiriwa kwa mkataba, na zina modeli tele. Lakini kuna sharti linalowanasa Wakenya walio Ulaya tayari. Usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi ya chuo hicho zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa. Kwa hivyo aliyetoka kumaliza uzamili wa miaka miwili Uholanzi hawezi kuchukua ya Uholanzi. Wewe uliye Roysambu, unaweza. Kwa mara moja tu maishani, kukaa Roysambu ni faida.

#24 KijanaWaNgara
Roysambu mmeitukana vya kutosha. Sasa mtu aanzie wapi? Nimewaandikia maprofesa wengi barua pepe, hakuna hata "asante".

#25 Fundi_Meshi
@KijanaWaNgara bandika hiyo barua tuione, toa majina.

#26 KijanaWaNgara
"Mheshimiwa Profesa, natumai barua hii inakukuta salama. Mimi ni kijana mwenye bidii kutoka Kenya mwenye shauku kubwa ya utafiti wa modeli. Naomba uniongoze katika masomo ya PhD. Nimeambatisha wasifu, vyeti, na barua ya chifu."

#27 Nyanya_Kachumbari
BARUA YA CHIFU 😭😭😭 Aki nimemwaga chai.

#28 Fundi_Meshi
Chifu mwacheni, hana hatia. Shida ni kwamba hiyo barua inaweza kwenda kwa profesa yeyote wa somo lolote. Msimamizi wangu hufuta za hivyo kila asubuhi kabla ya kahawa. Jaribu hivi (OpenFOAM ni programu ya bure ya kuiga mtiririko, meshi ni wavu wa seli ndogo unaogawa eneo):

"Nimesoma tangazo lenu la maporomoko ya matope. Nilichukua mfano wa bwawa linalobomoka unaokuja na OpenFOAM, nikabadilisha maji yakawa na mnato wa tope, nikalinganisha umbali wa kufika kwa meshi tatu tofauti. Matokeo na programu viko kwenye GitHub, hapa. Meshi ya kati na ya ndogo zinakubaliana, ila ukingo wa mbele bado unaenda kasi kuliko ninavyotarajia. Je, mnatumia modeli ya msuguano wa chini?"

Mistari sita. Hakuna shauku hata moja ndani yake. Kazi hiyo unaifanya kwa laptop ya kawaida, bila programu ya kulipia kama ANSYS uliyoiiba.

Na ukiitwa kwenye mahojiano ujue hili litakuja: "Simulesheni yako imelipuka, namba zimekuwa kubwa bila mwisho. Utaangalia nini kwanza?" Wanataka usikike ukiwaza: hatua ya muda ni kubwa mno kwa ukubwa wa seli, yaani namba ya Courant, masharti ya mipakani, seli zilizopinda. Si kukariri tafsiri ya Navier-Stokes, ile milinganyo ya mtiririko.

#29 Nyanya_Kachumbari
Laptop ya kawaida unasema? Yangu ilifika asilimia 90 stima zikapotea. Nilikaa gizani nikifikiria kurudi kijijini kufuga kuku.

#30 Fundi_Meshi
Kwenye faili la controlDict la OpenFOAM weka iandike matokeo kila baada ya hatua kadhaa, kisha startFrom iwe latestTime. Stima zikirudi inaendelea ilipoishia. Kuku wataendelea kukusubiri.

#31 MzeeWaChiromo
Barua nzuri, @Fundi_Meshi. Ila usiwadanganye watoto. Nafasi nyingi hizo mwenyewe anajulikana kabla tangazo halijatoka. Ni mwanafunzi wake wa uzamili, amekaa mlango wa pili. Tangazo ni kutimiza sheria.

#32 Fundi_Meshi
Mwalimu, hapo tutofautiane. Wapo wa namna hiyo, sikatai. Lakini huku waombaji wanapangwa kwa orodha na kamati inaandika sababu. Mimi sikumjua mtu Norway, hata samaki wao sikuwajua.

#33 MzeeWaChiromo
Wewe ni mmoja. Nionyeshe wa pili.

#34 MtuWaMvuke
Iceland wako wengi, Mzee.

#35 MzeeWaChiromo
Hao umesema mwenyewe walipendekezwa na mwajiri. Kupendekezwa ni nini kama si kujulikana?

#36 Chai_Mkandaa
Mzee hapigwi chenga 😂

#37 Jicho_Pembeni
Marekani hakuna aliyeitaja. Kule huhitaji hata uzamili, unaingia moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza.

#38 Sweta_la_Bluu
Kweli, programu nyingi za uhandisi na hesabu zinakubali, karo inafutwa na unalipwa kwa kufundisha au kwa utafiti. Maombi hufungwa karibu Desemba na Januari, na vyuo vingi vimekubaliana kukupa hadi 15 Aprili uamue. Ada ya kuomba huuma, lakini ukiandikia idara mara nyingine huiondoa. Ila mwaka 2025 vyuo kadhaa vilipunguza nafasi za PhD baada ya pesa za utafiti za serikali kuu kukatwa, kwa hivyo usitie mayai yote huko.

#39 Mwanahesabu_Roysambu
Wakuu, asanteni. Nimesoma zote, na nimebaki na majibu sita yanayopingana. Ya Uholanzi bado haijafungwa, ina siku chache. Nitaandika ile barua ya mistari sita. Ila #18 na #16 zimenisumbua zaidi: modeli ya nini? @Mto_Ngong, zile alama za tope unaweza kunigawia nijaribu kuziingiza kwenye HEC-RAS? Mvua nitachukua data za CHIRPS, makadirio ya mvua yanayotumia setilaiti, ziko tangu 1981.

#40 Bi_Takwimu
CHIRPS kwa Mathare? Seli yake moja ni kama kilomita 5 kwa 5, na ni ya siku nzima. Mtaa wote unaingia ndani ya seli moja, Eastleigh ikiwa nyongeza, na mafuriko yale yalikuja kwa saa. Utapata wastani mzuri wa kitu ambacho hakikutokea popote.

#41 Mto_Ngong
Dada amenena. Omba vipimo vya Idara ya Hali ya Hewa pale Dagoretti Corner, halafu ulinganishe na CHIRPS uone inakosea kiasi gani. Hilo lenyewe ni sura ya kwanza ya kazi.

#42 Bi_Takwimu
Kituo cha Dagoretti kiko upande mwingine wa mji. Mvua ya Nairobi mnaijua, Karen inanyesha Pipeline kuna jua.

#43 Mto_Ngong
Ndiyo, lakini maji ya Mathare yanatoka upande wa juu, hayaangukii Mathare yenyewe. @Mwanahesabu alama nitakupa, utaje jina langu kwenye makala. Jumamosi narudi kupima upande wa pili wa mto. Njoo na gambuti.

#44 Nyanya_Kachumbari
Na barua ya chifu, utaulizwa unapima nyumba za watu kwa nini.